Kumtoboa mtoto masikio: angalia kinachoingia sikioni, sio uzuri wa duka

Wamama wa Kigoma tunawatoboa watoto mapema sana, hasa huku Ujiji, mtoto wa kike akifika arobaini bila hereni kila anayepita anauliza "wa kiume huyu?" na bibi mtu keshaanza kutafuta sindano na uzi. Mie sina ugomvi na mila, wanangu wa kike wote wametobolewa na napenda wapendeze. Ninachosisitiza ni kimoja, kitu kitakachopita kwenye nyama ya mwanao kitoke kwenye pakiti mpya iliyofunguliwa mbele ya macho yako, na kikimaliza kazi kitupwe. Mambo ya bei, saluni ina vioo na feni, anayetoboa ni jirani tunamwamini, hayo yote yaje baadae.

Nianze na ya nyumbani. Sindano ya kushonea inapitishwa kwenye moto wa mshumaa, uzi mweusi unachovywa kwenye mafuta, baadae inawekwa njiti ya ufagio ili tundu lisizibe. Jamani, mshumaa unaacha masizi kwenye chuma na hayo masizi yanaingia kidondani, na hata ukichemsha sindano kwenye sufuria bado vijimbegu vya pepopunda vinavumilia maji ya moto, ndo maana hospitali wana ile mashine ya mvuke wa presha inayofika nyuzi 121. Uzi nao unanyonya majimaji ya kidonda unakaa umelowa mchana kutwa. Alafu sindano ile ile unakuta imezunguka kwa mabinti wa nyumba nzima, hapo hatuongelei usaha tena, tunaongelea homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Ya pili ni bastola ya kutobolea masikio, ile ya kubonyeza tap mara moja. Watu wanaiona ya kisasa kwa hiyo wanadhani ndo salama. Mtoto wa dada yangu alipigwa hiyo kwenye duka la vipodozi, sikio la kushoto hereni ikakwama katikati, muuzaji akaminya tena kwa nguvu mpaka ikapita. Siku zilizofuata sikio likavimba, kile kifungio cha nyuma kikazama ndani ya nyama hukioni kabisa, ngozi imevutika inang'aa na mtoto hataki kulalia upande ule, ikabidi hospitali wamchane kidogo wakitoe. Shida ni kwamba ile hereni ya bastola ncha yake ni butu, haikati, inasukumwa na springi inapasua njia, na kijiti chake ni kifupi kwa hiyo sikio likivimba halina nafasi. Na bastola yenyewe nyingi ni za plastiki, haziingii kwenye mashine ya mvuke, zinapanguswa tu na pamba yenye spiriti na anaitwa mtoto mwingine. Kuna za siku hizi ambazo hereni inakaa kwenye katriji iliyofungwa, inatumika mara moja inatupwa, hizo afadhali. Ila juu ya sikio kwenye gegedu, ile sehemu ngumu, asikubali mtu bastola ya aina yoyote, pale damu inafika kidogo, pakiingia vijidudu sikio linaweza kuharibika umbo moja kwa moja.

Mie nachagua sindano ya hospitali na mtu aliyesomea, basi. Ulizia zahanati au kituo cha afya unakokwenda kliniki kama kuna nesi anayetoboa. Wa kwetu alinikalisha na mtoto mapajani, ameketi wima, maana mtoto akilala masikio yanahama na matundu yanakuja kupishana. Akavaa glovu mpya, akasafisha kwa spiriti akaacha ikauke, ndo akaweka vidoti vya kalamu. Akarudi nyuma akaangalia, akaniambia "mama nawe angalia", kimoja kilikuwa juu kidogo akakifuta akaweka tena. Alitumia kanula kama ile ya dripu, ncha kali inapita haraka, sindano inatoka kinabaki kile kimrija laini, anaingiza kijiti cha hereni kwenye mrija anauvuta, hereni inabaki mahali pake. Kilio kilikuwa cha kawaida tu, nikampa ziwa akanyamaza.

Umri nao. Mama mkwe alitaka siku ya arobaini, nikamwambia "Mama, tumalizie kwanza chanjo za paja, hereni hazikimbii." Hizo chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ndani yake kuna kinga ya pepopunda na homa ya ini, na pia kichanga wa miezi miwili akipata homa ni jambo zito, hujui imetoka wapi. Akanijibu "haya, ila hereni nanunua mimi", akaenda kwa sonara akaleta dhahabu ndogo za duara zisizo na ncha, namshukuru mpaka leo, maana zile za bei chee zinazong'aa mara nyingi zina nikeli, ndo inayowafanya watoto kuwashwa na kutoa maji sikioni kila wakivaa. Kama dhahabu hamna, titaniamu au chuma cha pua kizuri, na kifungio usikikaze mpaka kigandamize nyama.

Ukifika nyumbani nawa mikono kabla ya kugusa. Chemsha maji, kikombe cha robo lita weka chumvi robo kijiko cha chai, yapoe, safisha kwa kipande safi cha gozi ya kufungia vidonda asubuhi na jioni. Mawese usipake, wala majivu, wala dawa ya meno, wala spiriti kila siku maana inaunguza ngozi mpya. Ukimbeba mgongoni angalia mbeleko na kofia za sufu zisinase hereni. Ziwani asiingie mpaka papone, na hereni za kwanza zikae wiki 6 hadi 8 bila kutolewa.

Kwenye ukoo wenu kama kuna watu makovu yao yanavimba yanakuwa kama uvimbe, yaani keloidi, ongea na daktari kabla hujatoboa, sisi weusi tunazipata zaidi. Vivyo hivyo mwenye tatizo la moyo, selimundu, au anayetoka damu bila kukata haraka.

Na likianza kuuma zaidi badala ya kupungua, likawa la moto, usaha, au mtoto akapata homa, usizitoe hereni mwenyewe, tundu linaweza kuziba usaha ukabaki ndani. Nenda zahanati ya karibu au hospitali yetu ya mkoa, Maweni, siku hiyo hiyo, waamue wao kama zitoke.