Dizeli yenye seteni kubwa inaongeza nguvu?
Mkuu umeuliza kama ukiweka dizeli yenye seteni kubwa gari litapata nguvu zaidi, hapana, seteni inaonyesha tu dizeli inawaka haraka kiasi gani ikishapulizwa ndani ya silinda, sio ina nguvu kiasi gani. Ikiwa ndogo sana injini inagonga, asubuhi inasumbua kuwaka na inatoa moshi mweupe. Ulaya kiwango cha chini ni 51, Marekani 40, kwahiyo angalia kitabu cha gari kinataka ngapi, ukishafika hapo kuzidisha hakusaidii sana. Mi ningeogopa zaidi maji na uchafu, hivyo ndo vinaua nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) na pampu, na nozeli za komoni reli, yaani mfumo wa dizeli wa presha kubwa, bei yake inauma kwelikweli! Badilisha filta kwa wakati, mwaga maji yanayojikusanya humo, na usichanganye mafuta ya taa hata kidogo.