Jibu: Lengo kubwa, au mtaa mmoja kwanza?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo vijana wa Lamu wanaotaka kumaliza taka za plastiki ufukweni wajiwekee lengo kubwa au waanze na mtaa mmoja. Kwa maoni yangu lengo liwe kubwa, ila njia iwe mahususi. Kwa mfano, ndui (ugonjwa hatari wa vipele), ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuiandama kwa nguvu mpya mwaka 1967, haikutokomezwa kwa kumchanja kila mtu. Wahudumu walimsaka kila mgonjwa na kuwachanja waliomzunguka, hadi mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida akapatikana mwaka 1977 mjini Merka, Somalia, kwenye pwani hii hii yetu. Hata kwa plastiki, kuokota taka hakuzibi chanzo, ilhali marufuku ya Kenya ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilikilenga. Basi chunguzeni kwanza plastiki iliyobaki inaingilia wapi: madukani, kwenye vyombo vya baharini, au kwa mikondo ya bahari.