Picha inapanda juu, haitulii: TV ya chogo ina nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina TV ya chogo ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ya betri ya volti 12. Naitumia na king'amuzi. Tangu juzi picha inapanda juu bila kusimama, na mstari mweusi mnene unapita nayo. Sauti ni safi. Kijana mmoja kaniambia kioo kimekufa. Ni kweli?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kioo chako ni kizima. Kilichokufa hutoa picha hafifu au giza tupu. Huo mstari mweusi ni mpaka kati ya picha moja na inayofuata, na siku zote hujificha nje ya kioo. Unauona kwa kuwa TV imepoteza mapigo ya kuiambia picha inaanzia wapi.

Bisibisi iache kwanza. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tazama kama kiko PAL au NTSC, yaani mifumo miwili ya kutuma picha. PAL hupiga mara 50 kwa sekunde, NTSC mara 60, na TV yako imezoea 50. TV ya rangi mara nyingi ingekushtua kwa kupoteza rangi. Ya kwako haina rangi ya kupoteza. Niliwahi kuletewa moja kwa bodaboda kutoka mbali, tatizo likawa hilo tu. Sikumtoza mwenyewe, ila nauli ilishamtoka.

Kama kiko PAL, tafuta nyuma ya TV kitufe cha kuzungusha chenye maandishi V-HOLD. Kizungushe polepole ukiangalia kioo. Picha ikitulia na kubaki hapo, umemaliza. Ikiwa unaweza kuifanya ipande, kisha ishuke, lakini katikati haishiki, osileta ya wima, yaani sakiti inayopanga kasi ya picha juu-chini, ni nzima. Mapigo ndiyo hayaifikii. Hapo angalia pia kama picha inakatika vipande vya mshazari. Ikikatika, kosa liko kwenye transista inayochuja mapigo, au kapasita inayoilisha, kwa sababu hapo ndipo njia ya wima na ya ulalo zinapoanzia. Isipokatika, fuata njia ya wima peke yake. Na kama umezungusha hadi mwisho bado inapanda tu, osileta yenyewe imehama kasi.

Mimi huanza na kapasita ndogo za maji, za mikrofaradi 1 hadi 10, hasa zilizokaa jirani na resista yenye joto. Hukauka bila kuvimba, kwa hiyo usizihukumu kwa macho: badilisha, ukichunga upande wa hasi.

Betri ya volti 12 isikudanganye. Waya mnene unaoingia kwenye tyubu chini ya kikombe cha mpira hubeba maelfu ya volti, na chaji hubaki hata ukishazima. Kama hujawahi kuutoa huo umeme, mpe fundi aliye karibu. Na vile vitufe vidogo vya ndani usivizungushe kwa kubahatisha. Nikiletewa TV iliyochezewa hivyo, siku nzima hunipotea kwa kuvirudisha tu.