Unataka AG100 au DT125 ya zamani? Anza na oili, CC baadaye

Wadau wa tu-stroki (pikipiki zenye injini ya mipigo miwili), leo naongea na wewe unayetaka kununua Yamaha AG100 au DT125 ya zamani, zile walizokuwa wanapanda mabwana shamba na mapadri huko vijijini. Kila anayeniuliza anaanza na CC. Haya, AG100 ni CC 97, kipenyo cha silinda mm 52 na pistoni inatembea mm 45.6, DT125 ni CC 123, mm 56 kwa 50. Na kaka zao wa enzi hizo walikuwa moto kweli, Kawasaki H1 ya 1969 ina silinda 3, CC 498, nguvu farasi 60, Yamaha RD350 ya 1973 silinda 2, farasi 39 kwenye mizunguko 7,500. Namba tamu sana, ila kwa chombo kilicholala stoo miaka yote hiyo zitakupoteza.

Ujue tu-stroki haina oili chini ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kama pikipiki ya Boxer. Petroli na hewa vinapita kwanza kwenye chumba cha krenki ndio vinapanda kwenye silinda, kwa hiyo oili lazima isafiri navyo. Yamaha walileta pampu yao ya Autolube mwaka 1964, inavuta oili kwenye tanki lake yenyewe, huna haja ya kuchanganya kituoni. Nzuri mno, lakini pampu iliyokaa muda mrefu inaingia hewa, na hewa haipaki pistoni mafuta. Mimi nikichukua tu-stroki ya zamani natoa hewa kwenye pampu, halafu tanki la kwanza nachanganya kabisa oili ya tu-stroki, lita 1 kwa petroli lita 20, itatoa moshi ndio, acha itoe, ukiona oili kwenye tanki lake inapungua basi pampu inafanya kazi.

Kitu cha pili ni sili za krenki, zile pete za mpira zinazoziba pande zake mbili, hapa ndio wengi wanapigwa. Sili ya upande wa magneto (inayozalisha umeme) ikichoka inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inapanda yenyewe na haitaki kushuka, ukiendelea kukimbiza injini inanoki, pistoni inakwama. Ya upande wa klachi ikifa injini inakunywa oili ya giaboksi, moshi mweupe hauishi na giaboksi inapungua wakati chini hakuna tone. Muuzaji akikwambia "ni tu-stroki, lazima itoe moshi" pima oili ya giaboksi, kisha fungua plagi uitazame, nataka kahawia, ikiwa nyeupe usiondoke nayo barabarani.

Na mteremko mrefu, mfano Lushoto kushuka Mombo, usishuke umefunga mafuta kabisa huku gia imeingia, pampu inafuata mkono wako na mizunguko ya injini, ukifunga inatoa oili kidogo wakati pistoni inakimbia. Kila baada ya muda shika klachi, vuta mafuta kidogo, endelea kushuka.