Baba mdogo kaambiwa afuatiliwe kwa MRI: majibu yangu baada ya miaka minne

Mkuu, pole na hilo la baba mdogo. Umesema ana miaka 63, ana saratani ya tezi dume, kipimo cha damu cha PSA ni 6.8, kinyama alichochukuliwa kwa sindano kimetoka Gleason 6 (alama ya ukali wa saratani), na daktari kashauri asipasuliwe kwa sasa, awe anafuatiliwa kwa PSA na MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Ndugu wanasema kakatiwa tamaa, wewe unauliza kama MRI peke yake inatosha. Mimi ni mzee wa Tabata, mwaka wa nne huu niko kwenye uangalizi wa namna hiyo hiyo.

Hajakatiwa tamaa, hilo waambie ndugu leo hii. Gleason 6 ndiyo daraja la chini kabisa la saratani ya tezi dume, na kwa kawaida hutambaa taratibu mno. Uingereza waliwagawa wanaume 1,643 kwenye makundi matatu: upasuaji, mionzi na kufuatiliwa. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika 3 kati ya kila 100, na makundi hayakupishana sana. Waliopasuliwa wengi walibaki na shida ya kuvujwa na mkojo na ya nguvu za kiume. Ila nikwambie ukweli wote: karibu wote walikuwa wazungu, na sisi weusi ugonjwa huu hutupata zaidi na hutuua zaidi. Kwa hiyo mtu wetu akiambiwa "tusubiri", lazima kuwe na ratiba. Mimi nilimwomba daktari aniandikie kwenye daftari la kliniki: PSA kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, baadaye kila sita, na MRI kabla mwaka na nusu haujaisha.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unavua saa, pete, mkanda, simu inabaki nje, na kama una chuma chochote mwilini unasema mapema. Unalala chali, unaingizwa kwenye lile tundu, na kelele zake ni kama fundi bati yuko juu ya kichwa chako, hata ukiwekewa vizibo vya masikio. Mimi nilikaa kama dakika arobaini. Katikati walinichoma dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, mkono ukapoa ghafla hadi begani. Kabla ya dawa hiyo walinipima figo. Na kama kinyama kimechukuliwa juzijuzi, msikimbilie MRI. Damu iliyovilia ndani inachafua picha, mimi niliambiwa ningoje wiki nane.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitesa. Mwaka wa pili mashine ya pale ninapotibiwa iliharibika, nikaenda hospitali nyingine hapa hapa mjini. Sikubeba CD ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza. Ripoti ikatoka: doa upande wa kushoto, milimita 9, alama 4. Alama zinaanzia 1 hadi 5, na kadiri inavyopanda ndivyo shaka ya saratani mbaya inavyozidi. Ya kwanza nilikuwa na 3. Mke wangu alilia kwenye bajaji kutoka Upanga mpaka nyumbani. Wiki mbili sikulala, nikaanza hata kuandika nani adaiwe nini na kiwanja cha Kisarawe kiwe cha nani.

Siku ya kliniki daktari bingwa aliniuliza swali moja tu: "Mzee, CD ya mwanzo iko wapi?" Ilikuwa kabatini, chini ya vitenge. Mwanangu akaifuata kwa bodaboda. Daktari akafungua picha zote mbili kwenye kioo, akapima mbele yangu. Doa lile lile, mahali pale pale, milimita 9 na milimita 9. Msomaji wa pili hakukosea kuliona. Alilisoma bila kujua jana yake lilikuwaje. Kwenye uangalizi, MRI inajibu swali moja: kimebadilika au hakijabadilika? Bila picha ya zamani hawezi kulijibu mtu yeyote.

Hata hivyo kinyama nilichukuliwa tena, safari hii sindano ikielekezwa kwenye doa lenyewe na sehemu nyingine chache. Kikatoka 3+3, yaani Gleason 6 ile ile, kama mwanzo. Ndiyo jibu la swali lako, mkuu: haitoshi peke yake. Utafiti wa Uingereza wa 2017, wanaume 576, ulionyesha MRI iligundua 93 kati ya kila 100 wenye saratani ya kutisha, wakati sindano ya zamani ya kubahatisha iligundua 48. Ni msaada mkubwa sana, lakini wale 7 wapo, na picha safi wakati PSA inapanda si ya kushangilia.

PSA nayo ikipanda ghafla, aangaliwe kwanza kama ana maambukizi ya mkojo. Mimi ilipanda hadi 11, nikatibiwa, ikarudi 7.

Jumatatu akienda kliniki, aulize CD yake iko wapi na nani atazisoma picha zake kila mwaka. Zangu ziko tatu, kwenye bahasha ya kaki, tarehe nimeandika kwa kalamu ya wino mzito. Ya nne naifuata mwezi ujao.