Jibu: Mtoto wa miaka 4 aanze na mmea gani?
Dada, kwa mtoto wa miaka 4, tena nyumba ya kupanga isiyo na uwanja kama ulivyosema, mpe kunde. Mbegu ni kubwa, vidole vidogo vinazishika, na kukiwa na joto huchipua ndani ya siku chache, kabla hajachoka kusubiri. Mchicha nao ni wa haraka, ila mbegu zake ni kama vumbi, atazimwaga zote shimo moja. Chukua kunde za kula za sokoni. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa, na huyo bado anatia kila kitu mdomoni.

Kata dumu la mafuta la lita 5, toboa matundu chini, jaza udongo na samadi iliyooza.

Kasheshe ni kumwagilia. Watoto wanapenda maji mno, mizizi inaoza. Mfundishe achomeke kidole kwanza: udongo ukiwa na unyevu, leo hamwagilii. Maji mliyooshea mchele yanafaa kabisa.

Majani machanga chumeni mle, ila mche mmoja uacheni ukomaze maganda. Mbegu zake azitunze mwenyewe kwenye chupa kavu, za kupanda tena.