Bibi kuchanganyikiwa ghafla sio uzee
Dada uliyeuliza kama bibi kuongea vitu visivyoeleweka tangu juzi ni uzee tu, hapana, usikubali hilo. Ule ugonjwa wa kusahau unakuja polepole, miezi hadi miaka, ila mtu alikuwa sawa wiki iliyopita halafu abadilike ndani ya siku 2, mara nyingi kuna kitu mwilini, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au nimonia, maji kupungua, sukari kushuka ama hata dawa mpya aliyoanzishwa. Na wazee wengine homa haipandi kabisa, kwahiyo kipimajoto kisikudanganye. Mpeleke leoleo, beba dawa zake zote. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea hicho chaweza kuwa kiharusi, kimbieni hospitali saa hiyohiyo.